Nipe ya Kanumba

Mwangaluka wote. Najua saa hizi ni mchana, ilitakiwa kwa Kisukuma chetu niseme mwadila, lakini mtu aliyekesha anawaza awaambie nini vijana kwake bado asubuhi tu.

MC kanitambulisha hapa kama mdau wa sanaa wa siku nyingi, namshukuru, ila ngoja nirekebishe kidogo msije mkaondoka na sifa ambazo sio zangu. Mi sijawahi kuigiza hata sini moja. Shuleni kwenye ngonjera mwalimu alinitoa mstari wa mbele akanipeleka wa nyuma, halafu baadaye akanitoa kabisa. Kazi yangu mimi ilikuwa banda la video, hapa hapa Shinyanga mjini, na nyie wenye miaka ishirini naona mnaangaliana kwa sababu banda la video mnalijua kwa kusimuliwa.

Basi ni hivi. Chumba cha mabati, mabenchi sita, pazia jeusi mlangoni, TV ya chogo inchi 21 juu ya meza, chini yake deki, nje jenereta linanguruma maana umeme wa wakati ule mnaujua au mmesimuliwa nao. Kiingilio shilingi mia, mtoto hamsini. Ubaoni naandika kwa chaki muvi ya saa nane na ya saa kumi. Na mwenye banda haangalii muvi jamani, msidanganyike, mwenye banda anakaa pembeni ya TV karibu na deki kwa sababu CD ikianza kukwama inabidi uitoe uifute na shati uirudishe haraka kabla watu hawajaanza kupiga kelele za rudisha hela. Kwa hiyo miaka kama tisa hivi mi nimekaa nimeipa TV ubavu, uso wangu uko kwa watu. Muvi nilikuwa nazisikia tu. Nilichokiona ni watu wanavyoangalia muvi, na ndo maana nilipoambiwa nije niongee na kikundi chenu cha maigizo kuhusu Kanumba, yule mwigizaji wa filamu za kibongo, nikakubali, maana uigizaji wenyewe wapo watakaowafundisha, mi nitawaambia upande wa mabenchi.

Steven Charles Kanumba kazaliwa hapa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Sasa huo mwaka muutafakari kidogo. Mwaka 1984 Tanzania bara hakukuwa na televisheni, hakuna kabisa, Zanzibar walikuwa nayo tena ya rangi toka 1973 sisi huku bara tunasikilizia redio tu, mpaka 1994 zilipokuja stesheni za watu binafsi, ITV na wenzao. Yaani huyu mtoto anafika miaka kumi ndo nchi yake upande wa bara inaanza kuwa na kioo cha kumwonyesha mtu, na hata hapo hicho kioo kilikuwa Dar, kufika huku kwetu ilichukua muda. Kasoma shule ya msingi Bugoyi hapo, wengi wenu mnapita nje yake kila siku. Baadaye akaenda Dar, akamalizia masomo Jitegemee, na mwaka 2002 hivi akaingia kundi la Kaole.

Kaole nataka nikae nayo kidogo kwa sababu vijana mnapenda kuanzia kwenye umaarufu. Kaole lilikuwa kundi la maigizo yaliyokuwa yanarushwa ITV, na humo ndani kulikuwa na wazee haswa, Mzee Kipara, Muhogo Mchungu, Bi Hindu, watu ambao wakisimama tu bila kufungua mdomo unajua huyu baba mkwe ana ugomvi au huyu mama ana jambo anaficha. Maigizo ya wakati ule mara nyingi mnapewa kisa, maneno unajitafutia mwenyewe mbele ya kamera. Sasa wewe kijana umetoka Shinyanga una Kiswahili chenye Kisukuma kwa mbali, unasimamishwa mbele ya Muhogo Mchungu, anakutupia neno hujajiandaa, inabidi umsikilize kweli maana hujui litakalofuata. Jahazi, Dira, Gharika, Baragumu, hiyo yote ni michezo aliyopitia. Akija mtu akakwambia Kanumba alilala akaamka staa mwambie hapana, alikula benchi na wazee kwanza.

Halafu zikaja filamu za kwenye CD. Hapa ndo biashara yangu ikabadilika, maana banda lilikuwa la wanaume na watoto wa kiume, mambo ya ngumi na bunduki, na mle ndani kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote ila kila mtu anaijua, staringi hafi. Akipigwa risasi kumi anaamka, akitupwa mtoni anaibuka. Mtu analipa mia yake akijua staringi hafi, ndo mkataba wetu.

Sasa filamu za kibongo zilipoanza kuja, wakina Johari, wakina Dangerous Desire, Kanumba na mwigizaji mwenzie Ray na dada yetu Blandina Chagula ambaye hilo jina la Johari limemganda mpaka leo, wateja wakawa wengine kabisa. Wakina mama. Hawa hawaingii bandani, mama mtu mzima ataingiaje nyuma ya pazia jeusi na vijana wa stendi, kwa hiyo nikaweka meza nje nikaanza kukodisha CD, shilingi mia tano kwa siku, jina lako kwenye daftari, ukichelewesha unaongeza. Na pale mezani ndo nikasikia hilo neno mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka. Nipe ya Kanumba.

Hawaulizi jina la muvi! Hilo ndo nataka mlisikie. Maana majina yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, Young Billionaire, The Lost Twins, Off Side, Devil Kingdom, sasa mama wa Ngokolo ametoka kuuza nyanya wewe unamwambia Young Billionaire ni nani atakuelewa. Walikuwa wanazipa majina yao. Ile ya mapacha. Ile ya shetani. Ile ya yeye na yule Mnaigeria. Ile anayoishi na wale watoto, hiyo ni Uncle JJ, hiyo ilinilipia ada ya mtoto sio siri. Na kama zote keshaziona basi anasimama tu anaangalia makava, anasema mwanangu hakuna mpya ya Kanumba? Basi nipe ile ile ya juzi.

Na hapa naomba niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Mwaka 2009 alialikwa kwenye jumba la Big Brother Africa, kile kipindi cha TV cha watu wanaofungiwa nyumba moja wanaangaliwa Afrika nzima, akaenda, akaongea Kiingereza, na kule nyumbani watu wakamcheka. Magazetini, mitandaoni, vijiweni, kila mtu akawa mwalimu wa Kiingereza ghafla. Hata bandani kwangu vijana ambao darasa la saba walilipita kwa kudra za Mungu walikuwa wanamwigiza wanaanguka chini kwa kucheka, na mi nilicheka pia nisiwadanganye. Lakini baadaye nikawa najiuliza, hivi tulikuwa tunacheka nini? Wakati huo huo nilikuwa na mteja wangu mmoja wa Kigoma anabeba CD kwa katoni, zinavuka ziwa, zinauzwa Kongo na Burundi, na Kigali nako alikuwa anajulikana vizuri tu. Nikamuuliza huyo jamaa kule wanaangalia nini zaidi, akanijibu kama wale mama, ya Kanumba. Kiingereza chake kilimpeleka jumba moja kwa siku chache akarudi na kejeli, Kiswahili chake kilivuka ziwa ndani ya katoni bila hata yeye kuwepo.

Ila na yeye alichangia, tuseme ukweli. Majina ya Kiingereza, chini sabutaito za Kiingereza zenye makosa ambayo hata mi niliyaona, na kwenye sini ghafla mtu anachomekea sentensi mbili za kizungu bila sababu. Najua kisa chake, walikuwa wanataka soko la nje, wanaona Wanaijeria wanafika mbali na muvi zao za Kiingereza. Kwenye mabenchi lakini ikija ile sentensi ya kizungu watu walikuwa wanatumia nafasi hiyo kukohoa. Kweli kabisa. Mtu kajizuia kukohoa dakika kumi, ikija kizungu anakohoa.

Kuhusu hao Wanaijeria nimpe Kanumba haki yake. Kabla yake sisi wenye mabanda na maktaba za CD tulikuwa tunaishi kwa muvi za Kihindi na za Nigeria, muvi ya kibongo ilikuwa unaiweka pembeni kama chenji. Yeye alichofanya akaenda kuwachukua hao hao waliokuwa wanatuuzia. Dar to Lagos akacheza na Mercy Johnson. Devil Kingdom ya 2011 akacheza na Ramsey Nouah, yule Ramsey ambaye dada zetu walikuwa na picha yake ukutani. Na angalieni kava, hakuna mtu kajificha nyuma ya mwenzie, vichwa viko sawa. Kibiashara mi nilielewa siku hiyo hiyo, yule mama aliyekuwa anakuja kwa ajili ya Ramsey aliondoka na Kanumba, na kesho yake alirudi akiomba Kanumba peke yake. Halafu alikuwa na kampuni yake mwenyewe, Kanumba The Great Film Factory, anatunga, anaongoza, anacheza, amefikisha filamu zaidi ya arobaini na hajafika miaka thelathini. Hilo jina la The Great wengine waliona majivuno. Mi niliona ni ubao wa duka tu. Hata mimi banda langu liliandikwa New York.

Haya sasa niingie kwenye mabenchi kama nilivyoahidi.

Kuna siku nadra nilikuwa nawawekea wale vijana wa bandani muvi ya kibongo, labda CD ya ngumi imegoma. Wanalalamika mwanzoni. Bandani kuna sauti moja haiishi nayo ni karanga, watu wanabandua karanga maganda chini, kra kra kra, ndo saa yangu hiyo, najua muvi inaendaje kwa kusikiliza karanga. Sini ya mapigano karanga zinaenda haraka, sini ya mapenzi zinaenda taratibu na miguno. Sasa huyu bwana Kanumba alikuwa na sini zake za kukaa kimya. Mtu anamwambia jambo, mama yake au mke wake au nani, anamwambia jambo zito, na kamera iko kwake yeye, hajibu. Anasikiliza. Anameza mate, macho yanaanza kujaa polepole, hayamwagiki, yanajaa tu. Karanga zilikuwa zinasimama. Mabenchi sita ya wapiga debe na madereva wa daladala za baiskeli, hakuna anayebandua karanga, nasikia jenereta nje. Nilikuwa mpaka nashtuka nadhani CD imekwama, nageuka kuangalia deki, kumbe inazunguka vizuri.

Ndo hicho nimetembea nacho mpaka hapa kuwaambia. Nimewaona mkifanya mazoezi pale kabla sijaitwa, mna sauti nzuri, mnajua kulia na kugombana, ila mwenzako akiongea wewe unasubiri zamu yako. Macho yanaonyesha kabisa, unahesabu maneno yake yaishe useme yako. Yule kijana mwenye fulana nyekundu, samahani usiniwekee kinyongo, dada yule alikuwa anakwambia baba yenu amefariki wewe ulikuwa unavuta suruali juu.

Sio kwamba kila alichofanya Kanumba kilikuwa kizuri, wala nisijifanye nilikuwa shabiki kipofu. Zile muvi zilikuwa zinapigwa haraka haraka, ndo ilivyokuwa biashara, msambazaji anataka mzigo mpya na hela ya prodyuza haikai. Gari linafika getini, linapiga honi, tunamsubiri mlinzi, geti linafunguliwa, gari linaingia, linapaki, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka sebuleni, na mziki wote umepigwa. Hapo karanga ziliisha. Halafu pati wani inakatika katikati ya neno ili ukanunue pati tuu, ambayo kwa kweli mimi kama mfanyabiashara nilikuwa naipenda sana hiyo, mia tano mara mbili, ila mama mmoja alishawahi kunirushia kava kwa hasira akasema hata ugali hauuzwi nusu.

Sasa la hela. Hili nalisema nikiwa nimesimama kwa sababu nikikaa nitalificha.

Msanii wa wakati ule alikuwa anamaliza muvi yake, anaipeleka kwa msambazaji, anapewa hela ya mara moja, biashara imeisha, iuze elfu moja au laki moja ya kwake ndo ile ile. Mikataba watu walikuwa wanasaini bila kusoma. Sheria ya hakimiliki ipo toka 1999, COSOTA, chama cha hakimiliki, ipo, na 2013 serikali ikaleta stempu za TRA, wale watu wa kodi, za kubandika kwenye CD ili feki zijulikane. Lakini feki zilikuwa zinatoka wapi? Nyingine zilikuwa zinatoka kwangu. Nilikuwa na kompyuta moja chumba cha nyuma yenye milango miwili ya CD, orijino inaingia huku, feki inatoka kule, nanunua CD tupu kwa maboksi, kava naenda kupiga fotokopi ya rangi kwa jamaa mwenye steshenari. Orijino moja ya Kanumba nimewahi kuitoa watoto sitini, sabini. Huyo ni mtoto wa Bugoyi, wa hapa kwetu, na mi wa hapa kwetu nilikuwa namuibia huku nawaambia wateja kwa fahari huyu ni wa nyumbani. Sikuona ubaya kabisa. Niliona mi ndo namtangaza.

Ijumaa Kuu ya mwaka 2012 ilikuwa tarehe 6 Aprili. Banda sikufungua, ila meza ya CD niliweka kwa sababu sikukuu watu wanakaa nyumbani wanataka muvi. Siku ile nilikodisha karibu zote. Usiku ule kuamkia Jumamosi tarehe 7 ndo Kanumba akafariki, nyumbani kwake Sinza, miaka 28. Yaliyotokea chumbani kule yalifika mahakamani, na 2017 mahakama ilisema yake ikahukumu, mi sina la kuongeza na ninaomba kwenye maswali msiniulize hilo. Meseji ya kwanza niliipata alfajiri, ya pili, ya tano, nikapuuza maana enzi zile kila wiki staa mmoja anauawa kwa meseji. Saa mbili redio ikasema.

Mazishi yalikuwa Jumanne tarehe 10. Wakamuaga viwanja vya Leaders, Kinondoni, maelfu kwa maelfu ya watu, Rais Kikwete alikuwa ameshafika msibani Sinza, Makamu wa Rais Dokta Bilal alikuwepo pale viwanjani, watu wanazimia wanabebwa juu juu, halafu wakampeleka makaburi ya Kinondoni. Mi sikwenda Dar. Nilifungua banda nikaweka TV, mara ya kwanza na ya mwisho bila kiingilio, na pazia nikalitoa. Wale mama wakaingia. Wakakaa kwenye mabenchi ya wapiga debe na khanga zao, na vijana wakasimama ukutani wakawaachia nafasi, na mi kwa mara ya kwanza sikukaa pembeni ya deki nikaenda kukaa nyuma niangalie. Kuna jamaa mmoja wa daladala ya baiskeli, mtu mzima, mbishi, kila muvi yeye ndo anatangulia kusema staringi hafi, alisimama mlangoni na baiskeli yake mpaka kaburi linafukiwa. Hakusema chochote. Akapanda akaondoka.

Wiki ile ile watu walikuja kutaka CD zake kwa fujo, kila mtu anataka, ningepiga feki mia tatu zingeisha. Kompyuta niliiwasha. Nikaweka orijino, mlango ukafunga, nikakaa pale. Nikaizima. Sio kwamba niliokoka siku hiyo, nilirudia tena baada ya miezi, njaa ni njaa, ila wiki ile nilishindwa.

Watu wanapenda kusema sinema ya bongo ilikufa na Kanumba, mi sikubaliani moja kwa moja. Simu zilikuja, flashi zikaja, muvi elfu moja kwenye kitu kidogo kama kidole, Azam wakaja na king'amuzi, tamthilia za Kituruki na za Kikorea zikaongea Kiswahili, na sisi wa CD tukafunga wote. Banda langu leo ni saluni. Kwa hiyo hata angekuwepo angekutana na hayo, ila nadhani angekuwa wa kwanza kuyadandia, mtu aliyekuwa hawezi kukaa mwezi bila kutoa kitu, huko YouTube si angehamia kabisa.

Nimekuja na hili daftari mlione. Ndo la mwisho la kukodisha, limeliwa na panya pembeni. Hapa, ukurasa huu, 6/4/2012. Kila mstari una tiki, maana yake imerudi. Isipokuwa huu mmoja, nimeandika jina la mama mmoja, jina sitalisoma maana yupo na watoto wake mnasoma nao, pembeni nimeandika kwa mkono wangu "ya mapacha", mia tano, hakuna tiki. Kwa hesabu ya daftari mpaka leo ananidai, samahani, namdai hela nyingi sana. Mwaka jana nilikutana naye Soko Kuu, akaniona akacheka, akasema mwanangu ile CD yako ninayo, deki ndo sina. Nikamwambia basi mama kaa nayo.

Wabeja sana. Sasa turudieni ile sini ya msiba, na safari hii nitakaa kule mbele, nimewapa kisogo ninyi, nawaangalia hawa wa kwenye mabenchi.